Mlango Anaotokea Mkulima: Maamuzi na Mabadiliko katika Mashirika ya Nakuru

Uamuzi wa shirika una sehemu tatu. Ya kwanza ni kuchagua: njia moja inashikwa, nyingine zinaachwa. Ya pili ni kuweka mali na watu kwenye njia hiyo: fedha zinatengwa, mikataba inatiwa saini, wafanyakazi wanapangiwa kazi. Sehemu ya tatu husahaulika mara nyingi, nayo ndiyo inayotenganisha uamuzi wa busara na kubahatisha: kungoja habari za matokeo, kuzipokea zinapofika, na kurekebisha mwendo kabla hasara haijawa kubwa. Bodi nyingi hujua kuchagua na kutenga fedha. Kusikiliza ndiko huzishinda.

Nakuru na Bonde la Ufa la kati ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili. Mji wa Nakuru, uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ulikua kama kituo cha reli na soko la wakulima wa nyanda za juu. Mashirika matatu makubwa ya kilimo yaliota mizizi humo na jirani yake. Kenya Co-operative Creameries, yaani KCC, ilianzishwa Naivasha mwaka 1925. Kenya Farmers Association, KFA, iliweka makao yake makuu Nakuru, na mzunguko wa barabara wa mjini ungali unaitwa kwa jina lake. Bodi ya Pareto ya Kenya ilikuwa na ofisi na kiwanda chake mjini humo humo. Yote matatu yaliwahi kuwa na nguvu ambayo mkulima wa kawaida hakuweza kuikwepa, na yote matatu yaliporomoka kati ya miaka ya 1980 na 2000. Moja tu ndilo lililosimama tena likawa kampuni kubwa sokoni. Sababu ya tofauti hiyo inaeleza mengi kuhusu namna maamuzi yanavyoharibika na namna mabadiliko yanavyoweza kushika.

Anayeamua haoni shamba. Mjumbe wa bodi aliyeketi Nakuru ana mbele yake ripoti, bajeti na makadirio ya mauzo. Shamba la Kuresoi limo ndani ya karatasi hizo kama sehemu ndogo ya jumla fulani. Herbert Simon, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alijenga kazi yake juu ya ukweli huu: binadamu haamui akiwa na habari zote, na hata angezipata asingekuwa na muda wala uwezo wa kuzipima zote, kwa hiyo hushika njia ya kwanza inayoonekana kumtosha. Hakuna aibu katika hilo, mradi wanaoamua wakumbuke kwamba kati yao na shamba kuna pazia, na watafute matundu ya kuchungulia.

Katika shirika la wakulima, tundu lililo wazi kuliko yote ni malipo. Mkulima aliyezoea kulipwa kila mwezi anakaa miezi miwili bila kitu, halafu mitatu, na anaambiwa avumilie. Kwa mhasibu aliyebanwa, kuchelewesha malipo ni njia nyepesi ya kupata fedha: hakuna riba, hakuna benki ya kubembelezwa, hakuna karatasi ya mkopo. Hata hivyo huo ni mkopo kamili, na mkopeshaji hakuulizwa. Shirika linalokopa kwa wakulima wake kwa namna hiyo limeshapata habari kwamba kuna uamuzi mahali fulani umekwenda kombo. Likizoea hali hiyo, habari hiyo inapotea, kwa kuwa deni lisiloandikwa kama deni halimtishi mtu.

Mkulima naye ana njia mbili za kujibu. Albert Hirschman, mwanauchumi aliyezaliwa Berlin, alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1970. Mtu asiyeridhika na shirika anaweza kupaza sauti, au anaweza kuondoka. Wazo hilo lilimjia alipokuwa akichunguza reli ya Nigeria, iliyokuwa ikipoteza mizigo ya karanga kwa malori ilhali haibadiliki. Wateja waliokuwa na haraka na uwezo wa kulalamika walihamia kwenye malori. Waliobaki walikuwa wanyonge. Hasara ililipwa na hazina ya serikali. Reli ikakosa kelele, na pia ikakosa maumivu. Mtu aliyefuatilia habari za mashirika ya kilimo Kenya atalitambua simulizi hili hata bila kutajiwa jina la nchi.

KCC ilianza kama chama cha walowezi. Waafrika wengi walipata nafasi ya kufuga ng'ombe wa gredi baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, na baada ya uhuru wafugaji wadogo wakawa ndio wengi nyuma ya maziwa ya nchi. KCC ilikuwa mnunuzi wa uhakika. Wakati wa kiangazi ilipokea maziwa machache, wakati wa mvua yalipofurika iliyachukua na kuyakausha kuwa unga. Huduma hiyo ilikuwa na gharama kubwa, na iliwezekana kwa sababu bei ilipangwa na serikali na washindani hawakuruhusiwa mijini. Kuanzia mwaka 1979 shirika hilo lilibeba pia maziwa ya Nyayo, mpango wa Rais Daniel arap Moi wa kuwapa wanafunzi wa shule za msingi maziwa bila malipo. Mpango wenyewe ulikuwa na wema ndani yake, na watu wazima wengi wa leo wanaukumbuka kwa furaha. Kwa upande wa uendeshaji, uliongeza jambo moja la hatari: mteja mkubwa wa KCC sasa alikuwa serikali ile ile iliyoteua wakubwa wake na kupanga bei yake. Mteja wa namna hiyo hadaiwi kwa urahisi.

Mwaka 1992 udhibiti wa bei ya maziwa uliondolewa. Ghafla wachuuzi wa maziwa mabichi wakawa washindani halali machoni pa mkulima: walifika mpaka langoni, walilipa papo hapo au kwa wiki, na hawakuwa na majengo ya kutunza. Viwanda binafsi vikaingia, Brookside ikiwa mojawapo mwaka 1993. Uamuzi wa kufungua soko ulikuwa na hoja nzuri. Kilichokosekana ni matayarisho ya shirika lililokuwa likiendeshwa kwa ukiritimba kwa miongo mingi. KCC iliingia sokoni na wafanyakazi wengi kupita kazi iliyobaki, viwanda vya zamani, na jukumu la kununua kila tone bila bei ya kulinda jukumu hilo. Malipo yalichelewa, wakulima wakapeleka maziwa kwingine, viwanda vikakosa maziwa, na fedha za kulipa waliobaki zikapungua zaidi. Mzunguko huo ulikwenda mpaka mwisho wa muongo. Mwaka 2000 mali ya shirika iliuzwa kwa wawekezaji binafsi kwa jina la KCC 2000. Mwaka 2003 serikali mpya ililinunua tena kwa shilingi milioni 547 na kuliita New KCC.

Pareto ina simulizi ndefu zaidi na yenye uchungu zaidi. Ua hili jeupe lenye kitovu cha njano lililetwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, likakubali baridi ya Molo, Elburgon, Mau Narok na Kuresoi kana kwamba ni kwao. Ndani ya ua lililokomaa mna dawa ya kuua wadudu ambayo haidumu sana kwenye mwanga wa jua, kwa hiyo haibaki muda mrefu kwenye mazingira. Kwa miongo mingi Kenya ndiyo iliyotoa sehemu kubwa zaidi ya pareto ya dunia. Mapema miaka ya 1990 mavuno ya mwaka mzuri yalipita tani 10,000 za maua makavu. Mapato yake yalijenga nyumba za mabati na kulipa karo za vijiji vizima vya ukingo wa Mau.

Kisheria, mkulima wa pareto alikuwa na mnunuzi mmoja: Bodi. Alichuma kwa mkono kila baada ya wiki mbili hivi, akaanika au akakausha kwenye kaushio, akapeleka magunia, na maua yakapimwa Nakuru. Bei ilitegemea kiasi cha dawa kilichopatikana ndani ya ua. Ulikuwa utaratibu wa haki kwa sababu ulimlipa zaidi aliyechuma kwa wakati na kukausha vizuri. Lakini ulimfanya mkulima ategemee kipimo asichokiona, kilichofanywa mbali naye, na mnunuzi ambaye hakuwa na mwenzake wa kulinganishwa naye. Utaratibu kama huo husimama juu ya imani tupu. Malipo yalipoanza kuchelewa, miezi na baadaye miaka, imani hiyo haikuwa na kitu kingine cha kuishikilia.

Sababu za anguko zilikuwa nyingi, na si haki kuibebesha Bodi zote. Dawa za maabara zinazoiga pareto zilishika soko kwa bei nafuu. Australia, katika kisiwa cha Tasmania, iliingia na mashamba yanayovunwa kwa mashine. Tanzania na Rwanda nazo zililima. Machafuko ya kisiasa ya 1992, 1997 na 2007–2008 yaliwahamisha wakulima wengi wa Molo na Kuresoi kutoka kwenye mashamba yao. Lakini mshindani anaweza kupunguza bei ya zao. Hawezi kuwazuia wakulima wasilipwe kwa maua waliyokwisha kupeleka. Sehemu hiyo ilikuwa ya Bodi na ya serikali iliyoisimamia. Kufikia muongo wa 2010 mavuno yalikuwa ya mia chache za tani.

Hapa ndipo mlango anaotokea mkulima unapokuwa na uzito. Mfugaji aliyechoshwa na KCC aliuza maziwa kwa mchuuzi, lakini ng'ombe alibaki zizini. Maarifa ya kukamua, mbegu ya kupandishia, majani ya nepia, njia ya pikipiki ya kufikisha maziwa barabarani, vyote vilibaki na kuendelea kukua. Siku New KCC iliporudi na kulipa kwa wakati, maziwa yalikuwapo yakingoja mnunuzi. Mkulima wa pareto hakuwa na mnunuzi wa pili wa kuhamia, kwa kuwa sheria ilimfungia mlango huo. Akatoka kwa mlango uliobaki: aling'oa pareto na kupanda viazi, mahindi, njegere, kabichi. Kaushio likawa ghala au likabomolewa kwa mbao zake. Vipando vilipotea. Vijana wakakua bila kujua kuchuma. Sheria iliyokusudiwa kuilinda Bodi dhidi ya washindani ilihakikisha kwamba Bodi ikishindwa, zao lenyewe litaondoka nayo.

KFA inahitaji maneno machache. Ilikuwa ya wakulima, ikiuza mbegu, mbolea na vifaa, na kushughulikia nafaka zao. Mwaka 1984 serikali iliivunja na kuweka mahali pake chama kipya, Kenya Grain Growers Co-operative Union, kilichokusanya wanachama na mali chini ya mkono wa wanasiasa. Katikati ya miaka ya 1990 jina la zamani lilirudishwa. Wakati huo mkulima alikuwa ameshazoea duka la pembejeo la mjini kwake. Hakuwa na ng'ombe wa kurudisha wala kipando cha kutafuta. Alikuwa tu ameacha kuingia dukani mle, na bango jipya lenye jina la zamani halikumpa sababu ya kuingia tena.

Kutokana na mifano hii mitatu, swali la kwanza kwa anayeamua linakuwa: kosa likitokea, kitapotea nini kisichorudi? Maamuzi yanayorudishika, kama kubadilisha ratiba ya lori la kukusanya maziwa au kujaribu aina mpya ya chombo katika kituo kimoja, yanafaa kuchukuliwa haraka na watu wa ngazi ya chini, na kuachwa haraka yasipofanya kazi. Maamuzi yanayogusa kile kisichorudi, kama imani ya wauzaji, mbegu, wafanyakazi wenye ujuzi adimu, yanastahili siku nyingi na macho mengi. Mashirika mengi hufanya kinyume. Ununuzi wa viti vya ofisi hupita kamati tatu, ilhali kuahirisha malipo ya wakulima kwa mwezi mmoja hupitishwa kwenye chumba cha mhasibu asubuhi moja.

Swali la pili ni jinsi ya kuipa habari mbaya njia ya kufika. Mwaka 2007 mwanasaikolojia Gary Klein alieleza zoezi rahisi ambalo bodi ya chama chochote cha ushirika cha Bahati au Subukia inaweza kulifanya kwa saa moja. Kabla ya kupitisha mpango, wajumbe wote wanaambiwa wafikirie kwamba miaka miwili imepita na mpango umekufa kabisa. Kila mmoja anaandika kimya, kwenye karatasi yake, sababu za kifo hicho. Kisha karatasi zinasomwa. Nguvu ya zoezi hili ni kwamba linampa heshima mwenye wasiwasi. Katika mkutano wa kawaida, mjumbe anayepinga mpango wa mwenyekiti huonekana msaliti. Hapa kila mtu ametakiwa kupinga, na mwenye sababu nzito ndiye aliyefanya kazi vizuri.

Lipo pia jambo la kuweka mipaka mapema. Bodi inaweza kuandika, wakati ikiwa bado na utulivu, kwamba malipo yakichelewa kwa siku 45 mkutano maalum utaitishwa, au kwamba kiasi cha maziwa kikishuka kwa robo ndani ya miezi mitatu mpango utasimamishwa. Mipaka iliyoandikwa kabla ya msukosuko ni vigumu kuihamisha wakati wa msukosuko, na hapo ndipo faida yake ilipo. Katika ushirika wa Kenya, mkutano mkuu wa mwaka na kamati ya usimamizi viliwekwa kwa kazi ya namna hii. Vinapokuwa hai, sauti ina mahali pa kusikika, na wanachama hawalazimiki kusema kwa miguu.

Kusimamia mabadiliko ni kazi nyingine, ingawa hutokana na ile ya kwanza. Uamuzi unaweza kuwa sahihi na mabadiliko yakashindwa, kama kulegeza soko la maziwa mwaka 1992 kulivyoonyesha. Kazi hiyo huhitaji mpangilio, na uzoefu wa Nakuru unapendekeza mpangilio ambao wanaoandika mikakati huuepuka kwa sababu hauna mvuto: madeni kwanza. Mkulima anayedai fedha za miaka iliyopita hawezi kusikia maelezo ya mpango mpya. Kila neno anapolisikia, linapita kwanza kwenye deni lake. Shirika lisiloweza kulipa lote linaweza kulikiri kwa maandishi, kwa jina na kiasi, na kupanga tarehe za kulilipa kidogo kidogo. Kukiri huko peke yake kunabadilisha mazungumzo, kwa kuwa mkulima anapata kitu cha kushika na cha kudaia.

Baada ya madeni, kipimo. Mahali ambapo malipo hutegemea kipimo, kama ubora wa maziwa au nguvu ya ua la pareto, mabadiliko hushika pale muuzaji anapoweza kukiona kipimo hicho kikifanywa, au kumtuma mtu anayemwamini akione. Kisha wafanyakazi. Mtu anayeambiwa kwamba kazi yake itabadilika huuliza mambo matatu tu: kama kazi itakuwapo, kama mshahara utashuka, na nani atamfundisha asichokijua. Uongozi usiokuwa na majibu ya maswali hayo unafaa kusema hivyo waziwazi na kutaja siku ya kuyaleta, kwa kuwa pengo lolote hujazwa na uvumi kabla ya chakula cha mchana.

Jina na muundo huja nyuma ya hayo yote, ingawa ndivyo vinavyopendwa na waandaaji wa mabadiliko, labda kwa sababu vinaweza kukamilishwa kwa tarehe moja na kuzinduliwa kwa sherehe. KFA ilibadilishwa jina mara mbili. Bodi ya Pareto nayo, kwa sheria za mwaka 2013, ilivuliwa ukiritimba na kugeuzwa kuwa kampuni ya kusindika, usimamizi wa zao ukahamishiwa mamlaka ya kilimo ya taifa. Huo ulikuwa uamuzi mzuri, uliochelewa. Uliruhusu wanunuzi wengine kuingia, lakini uliingia kwenye mashamba ambayo yalikuwa yameshajaa viazi.

New KCC pia ina upande ambao haujamalizika. Wafugaji walirudishiwa soko. Shirika lenyewe hawakurudishiwa. Chama cha mwaka 1925 kilikuwa cha ushirika, na wanachama wake walikuwa na hisa. Kampuni ya baada ya 2003 imekuwa ya serikali, na mipango ya kuwarejeshea wakulima umiliki imezungumzwa kwa miaka mingi. Kwa mtazamo wa maamuzi, swali hilo si dogo. Mwenye hisa ana sauti ndani ya shirika, na muuzaji asiye na hisa ana uwezo wa kuondoka tu.

Kuanzia 2013 kilimo kwa sehemu kubwa ni jukumu la kaunti, na Kaunti ya Nakuru imekuwa ikiwasaidia wakulima wa nyanda za juu kwa miche ya pareto. Utafiti wa zao hilo unafanywa Molo, katika kituo cha shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO. Kuna pia kampuni binafsi ya Kentegra inayonunua maua na kuyasindika. Pareto huanza kuchumwa miezi michache baada ya kupandwa na shamba moja huweza kuvunwa kwa miaka kadhaa, kwa hiyo mkulima anayekubali kuipanda anaikabidhi ardhi yake kwa muda mrefu kuliko anayepanda viazi. Viazi vikikosa bei, msimu ujao anabadilisha. Ndiyo sababu, wanunuzi wanapofika Kuresoi na Mau Narok kusaka wakulima wa kuwekeana nao mikataba, wazee wanaoikumbuka Bodi hutaka kujua kwanza ni siku ngapi zitapita kati ya gunia kupimwa na fedha kuingia kwenye simu, na ni nani atakayekuwapo wakati gunia hilo linapopimwa.